Nani Mwenye Haki ya Kuzima Taa? Ngoma, Mwanga na Maadili ya Ushirikiano Jukwaani: Mfano wa Bungoma na Kitale

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili neno 'ngoma' hubeba maana tatu kwa pamoja: ala inayopigwa, mchezo unaochezwa, na shughuli nzima inayowakusanya watu. Mzungumzaji hahitaji kuzitenganisha maana hizo kwa sababu katika maisha yake hazikutengana. Kwa hiyo anayedai kwamba onyesho linalounganisha uchezaji, muziki, maneno, maleba na mwanga ni uvumbuzi wa karne ya ishirini anasahau kwamba lugha hii ilikwisha kuupa muungano huo jina kabla ya umeme kufika katika nchi zetu.

Pamoja na hayo, kuna jambo ambalo kweli ni jipya. Siku hizi ngoma inapotolewa uwanjani na kupandishwa jukwaani, hupita mikononi mwa watu wengi ambao aghalabu hawafahamiani: mbunifu wa mitindo ya kucheza, mpiga ala, mtaalamu wa kurekodi sauti, mwendesha taa, mwalimu na mfadhili. Kila mmoja huongeza kitu chake, na kazi inayotokea huitwa kazi ya ushirikiano. Swali ambalo makala haya yanakusudia kulijadili si la kiufundi bali ni la kimaadili: je, washirika hao wana deni gani kwa wale ambao ngoma yao ndiyo iliyokuwa malighafi ya kazi yenyewe?

Tutalijadili swali hili kwa kurejelea ngoma za Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia, eneo ambalo Kitale ndio mji wake mkuu. Hoja yetu ni kwamba deni hilo halimaliziki kwa kutaja majina katika orodha ya washiriki, wala kwa malipo peke yake. Huanza kulipwa pale ambapo kila aliyetoa sehemu ya kazi ana uwezo halisi wa kuisimamisha. Uwezo huo tutauita haki ya kuzima taa.

2.0 Khuminya: mwaliko unaodai jibu

Miongoni mwa Wabukusu, tohara ya wavulana hufanywa katika miaka shufwa, aghalabu mwezi wa Agosti. Kabla ya siku yenyewe kufika, mvulana huzunguka kwa jamaa zake akiimba na kucheza, huku akizigonga kengele za chuma ziitwazo chinyimba kwenye vikuku alivyovaa mikononi. Ndugu na majirani humfuata na kumwitikia. Shughuli hii huitwa khuminya.

Mhakiki akiitazama khuminya kwa macho ya sanaa za maonyesho ataviona vipengele vyote anavyovitafuta: wimbo, mdundo, maleba, mwendo wa mwili na matumizi ya nafasi. Lakini akiishia hapo atakuwa amekosa kiini chake. Khuminya ni taarifa inayopelekwa kwa watu maalumu. Mvulana anapofika kwa mjomba wake, hakwenda kumwonyesha ustadi wa kucheza. Amekwenda kumwarifu kwamba yu tayari, na kumtaka naye atimize wajibu wake. Mjomba hana nafasi ya kuwa mtazamaji tu. Humkemea, humjaribu, huchinja, na kumvika kipande cha nyama shingoni. Hata mjomba anayekataa kushiriki huwa amejibu, na kila aliyepo hufahamu hivyo.

Vivyo hivyo, wimbo uitwao Sioyaye una saa yake. Huimbwa asubuhi ya tohara, mvulana anaporejeshwa nyumbani kutoka mtoni akiwa amepakwa tope. Wimbo huo humwambia mvulana, pamoja na wote wausikiao, kwamba njia ya kurudi nyuma imefungwa. Tunaweza pia kutaja khuswala kumuse, hotuba inayotolewa baada ya maziko ya mzee mwenye heshima, ambapo msemaji hutembea mbele ya waombolezaji akiwakumbusha historia yao na kuwaonya walio hai. Si kila mwenye ulimi mwepesi anayeruhusiwa kuitoa hotuba hiyo.

Kutokana na mifano hii tunapata sifa mbili za msingi. Kwanza, maonyesho haya yana mlengwa ambaye anapaswa kujibu. Pili, yana wakati na mahali ambapo maneno yake huwa kweli. Kuyahamisha ni kuzigusa sifa zote mbili, hata kama hatua za miguu na noti za wimbo zimehifadhiwa bila kasoro.

Uhamishaji huo umekuwapo kwa muda mrefu. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na kwa miongo mingi sasa mashindano ya shule na vyuo ya muziki na ya drama yamekuwa njia kuu ya vijana kujifunza ngoma za kwao na za wenzao. Walimu wa magharibi mwa Kenya wamefanya kazi ya kusifika katika jambo hili. Bila wao, wanafunzi wengi waliokulia mijini wasingeijua kamabeka, ngoma ya Wabukusu inayochezwa kwa mabega, wala wasingepata kuiona litungu, ala yao ya nyuzi saba. Makala haya hayakusudii kuwalaumu. Yanataka kuuliza ni nini hutokea kwa mjomba pale mvulana anapomchezea jopo la waamuzi.

3.0 Udhaifu wa hoja ya usafi

Jibu jepesi lingekuwa kusema kwamba ngoma za asili zisiguswe. Jibu hilo halisimami, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Ngoma za Afrika Mashariki hazikuwahi kuogopa vyombo vipya. Beni, iliyozuka katika pwani ya Kenya miaka ya 1890, ilichukua tarumbeta, gwaride na vyeo vya kijeshi vya wakoloni na kuvigeuza kuwa mashindano ya mitaa na vikundi. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma hiyo, ameonyesha jinsi ilivyosambaa kutoka pwani hadi bara. Wachezaji wa beni hawakupoteza ngoma kwa kushika tarumbeta. Waliongeza sauti katika shughuli ambayo walibaki kuwa wenyewe kwayo.

Sababu ya pili imo ndani ya masimulizi ya Wabukusu wenyewe. Husimuliwa kwamba shujaa Mango alipoliua joka lililowasumbua watu, alitahiriwa kwa desturi ya majirani zao wa jamii ya Wasabaot, na tangu hapo tohara ikawa ya Wabukusu. Tukiyachukua masimulizi haya kama falsafa, yanatufundisha kwamba hata kile ambacho jamii inakihesabu kuwa kitovu cha utambulisho wake kinaweza kuwa kimepokewa kutoka kwa jirani. Hata hivyo, Mango hakukiokota njiani. Alipewa baada ya kupita katika jaribio, mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kumnyima.

Kwa hiyo tofauti ya kimaadili haiko kati ya kilicho safi na kilichochanganyika. Iko kati ya kupewa na kuchukua. Ili kuiona tofauti hiyo inavyojitokeza jukwaani, tutazame chombo ambacho wahakiki wetu wamekijadili kwa nadra, yaani taa.

4.0 Mwanga unaogawa

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kikundi cha vijana wa Kitale na wenzao wa Bungoma wanataka kuunda onyesho la pamoja juu ya ardhi na ujirani. Watatumia khuminya, kamabeka, litungu, sauti zilizorekodiwa na taa za rangi. Mada yao si ya mzaha. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda walizotengewa walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru iligawanywa kwa watu wa asili mbalimbali. Eneo hilo na la Mlima Elgon yalishuhudia mapigano mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mlima Elgon ukaumia tena kati ya mwaka 2006 na 2008. Katika mji kama Kitale, ngoma ya Mbukusu huchezwa mbele ya Msabaot, Mturkana, Mkikuyu na wengineo. Kila anayeitazama hujiuliza, hata asipotamka, kama ngoma hiyo inamkaribisha au inamtenga.

Uwanjani, jua humwangaza mchezaji na mtazamaji kwa kiwango kimoja. Mjomba humwona mvulana, mvulana humwona mjomba, na umati huwaona wote wawili. Anayecheka huonekana akicheka. Anayeondoka huonekana akiondoka. Duara la ngoma ni mahali ambapo kila mtu ni shahidi wa mwenzake. Taa za jukwaani huuvunja usawa huo. Mchezaji huwekwa katika mwanga mkali unaomzuia kuona mbele yake, na mtazamaji huwekwa gizani, mahali anapoweza kutazama bila yeye kutazamwa. Aliyekuwa na wajibu wa kujibu hupewa ruhusa ya kunyamaza.

Fauka ya hayo, taa huchagua. Katika khuminya sauti za waitikiaji ni sehemu ya wimbo sawa na sauti ya mvulana. Mwendesha taa akimmulika mvulana peke yake, amekwisha kuitafsiri ngoma: kundi limekuwa mandhari, na mvulana amekuwa mhusika mkuu. Huenda tafsiri hiyo ikapendeza. Lakini ni kauli kuhusu maisha ya Wabukusu, na imetolewa na mtu ambaye pengine alifika siku moja kabla ya onyesho, akapewa orodha ya rangi na dakika. Washirika hawatambui kwamba yeye naye ni mtunzi, wala yeye hatambui kwamba ana deni.

Hatusemi kwamba mwanga wa umeme ni mwovu. Waandaaji wangeweza kuiacha hadhira ndani ya mwanga, au kummulika mtazamaji wakati mvulana anapoita, ili hadhira ihisi kwamba inadaiwa jibu. Tunachosema ni kwamba kila uamuzi wa taa ni uamuzi kuhusu nani aonekane na nani asiulizwe. Uamuzi wa namna hiyo ni wa kimaadili hata kabla haujawa wa kisanaa.

5.0 Mali isiyo na mwenyewe

Historia ya taa na uchezaji ina kisa kinachoangaza tatizo letu. Mnamo mwaka 1892, mchezaji wa Kimarekani Loie Fuller, aliyepata umaarufu kwa kucheza na vitambaa vipana chini ya taa za rangi, alikwenda mahakamani New York kumzuia mchezaji mwingine asimwige. Alishindwa. Mahakama iliona kwamba mchezo wake haukusimulia hadithi yoyote, na kwa hiyo haukustahili kulindwa kama utungo wa kidrama. Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo ya 1890 Fuller alifanikiwa kupata hataza za vifaa alivyovibuni kwa ajili ya jukwaa. Sheria iliweza kukiona chombo, lakini haikuweza kuuona mwili uliokitumia.

Hali ya kikundi chetu cha kufikirika haitakuwa mbali na hiyo. Sauti iliyorekodiwa itakuwa na mwenyewe. Taa zitakuwa zimekodishwa kwa stakabadhi. Mswada utakuwa na jina la mtunzi. Lakini mzee aliyewafundisha vijana namna ya kuzigonga chinyimba hatakuwa na karatasi yoyote, kwa kuwa alichokitoa huitwa 'cha jadi', na neno hilo mara nyingi hutumika kana kwamba maana yake ni 'kisicho na mwenyewe'. Hivyo wanaolindwa ni wale walioingia mwisho, na anayesahauliwa ni yule aliyekuwapo mwanzo.

Kenya imejaribu kulirekebisha jambo hili. Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na mwaka 2016 ilitungwa Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni. Sheria hiyo inaitambua jamii kuwa mmiliki, inadai idhini ya mapema iliyotolewa kwa ufahamu, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka sajili. Hii ni hatua kubwa. Lakini idhini ya kisheria hutolewa mara moja, kabla ya kazi kuundwa, ilhali maamuzi yenye uzito hufanywa baadaye, mazoezini, pale mdundo unapofupishwa na mwanga unapoelekezwa. Mtu anaweza kuridhia ngoma yake itumike na bado akashtuka akiona ilivyotumika. Tena, nani husema kwa niaba ya jamii? Mzee wa Bungoma, au Mbukusu aliyezaliwa Kitale ambaye jirani yake si Mbukusu? Sheria huuliza maswali haya mlangoni. Maadili hudai yaulizwe ndani ya nyumba, kila siku ya kazi.

6.0 Pingamizi mbili

Hapa ndipo tunapoileta haki ya kuzima taa: kwamba kila mshirika, akiwamo yule aliyeitoa ngoma, awe na uwezo wa kuisimamisha kazi hadi atakaposikilizwa. Pendekezo hili lina pingamizi mbili nzito.

Pingamizi la kwanza ni kwamba sanaa itakufa. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho, majirani wa Wabukusu, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ikiwa hali ni hiyo, je, ni busara kuwawekea vijana vizuizi zaidi? Tunajibu kwamba ngoma haifi kwa kukosa wachezaji tu. Hufa pia inapobaki na wachezaji lakini ikapoteza wanaojibu. Mavazi na mitindo vinaweza kuhifadhiwa kwa ukamilifu, kama vyombo vilivyo nyuma ya vioo vya jumba la makumbusho la Kitale, na bado shughuli yenyewe ikawa imekwisha. Anayemsimamisha mwendesha taa na kumwambia "si hivyo" ndiye anayeonyesha kwamba ngoma ingali hai, kwa maana bado yupo mtu anayejali inasema nini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Haki ya kusimamisha inaweza kuwa rungu mikononi mwa wenye nguvu: wazee dhidi ya vijana, wanaume dhidi ya wanawake, dola dhidi ya wote. Historia ya Kenya inalithibitisha hilo. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩthũ, Limuru, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, waliigiza Ngaahika Ndeenda katika ukumbi wa wazi waliojijengea. Maonyesho yalipigwa marufuku mwaka huo huo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Hapo aliyezima taa hakuwa mshirika. Alitoka nje, hakuwa ametoa kitu katika kazi, wala hakuhitaji kumsikiliza yeyote.

Linganisha na tukio la Aprili 2025. Wasichana wa shule ya Butere, katika kaunti ya Kakamega, walifika Nakuru na mchezo wao Echoes of War baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe kuuonyesha. Mtunzi wao, Cleophas Malala, alizuiwa kuwa pamoja nao, na polisi walikuwa wamewatawanya watu kwa mabomu ya machozi. Wasichana waliingia jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Ule ulikuwa mchezo wa kuigiza, si ngoma, lakini funzo ni lile lile. Walifahamu kwamba kazi yao haikuwa maneno waliyoyakariri peke yake. Ilikuwa pia mwongozaji na watu wa kuwajibu. Vilipoondolewa hivyo, walikataa kutoa mabaki.

Mifano hii miwili inatupa mpaka tunaouhitaji. Kuzuia ni tendo la aliye nje, naye hunyamazisha. Kukataa ni tendo la aliye ndani, na kukataa kwake ni sehemu ya mazungumzo. Haki tunayoitetea ni ya kukataa. Kwa sababu hiyo ni haki ya msichana anayecheza sawa na ya mzee anayefundisha, na mzee asiyekubali kukataliwa na kijana naye amejitoa nje ya duara.

7.0 Ushirikiano wa haki

Je, kuna mifano ya kazi iliyoundwa kwa moyo huu? Nchini Marekani, Merce Cunningham na John Cage walishirikiana kwa miongo mingi kwa kanuni kwamba uchezaji na muziki vitungwe mbalimbali na kukutana katika muda tu, kiasi kwamba mara nyingi wachezaji waliusikia muziki kwa mara ya kwanza siku ya onyesho. Utaratibu huo uliheshimu uhuru wa kila mmoja. Lakini ulifaa watu ambao hawakuwa na deni kati yao. Katika khuminya mdundo na mwili havina uhuru huo, kwa kuwa mkono unaogonga kengele ndio mkono unaocheza.

Karibu zaidi na kwetu, mwaka 1997 jijini Nairobi, Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen waliunda pamoja kazi iitwayo Cleansing, na ikajulikana kama kazi ya watatu. Ama Kamĩrĩthũ, somo lake kubwa kwetu si mswada bali ni mazoezi. Yalifanywa hadharani, na watu waliozijua nyimbo na ngoma za kale ndio waliowasahihisha waigizaji mbele ya kijiji kizima. Masahihisho yalikuwa sehemu ya utunzi.

Kwa kikundi chetu cha Kitale na Bungoma, kanuni hii ina matokeo manne. Mwendesha taa ahudhurie tangu zoezi la kwanza, tena aanzie uwanjani mchana, aone jua linavyofanya kazi kabla hajalichukulia nafasi. Aliyefundisha ngoma awepo hadi zoezi la mwisho, na neno lake lisihesabiwe kuwa ushauri tu. Mazoezi yafanywe Bungoma na Kitale pia, ili jirani asiye Mbukusu aweze kusema anasikia nini anapoitwa. Mwisho, kikundi kikubali kwamba kuna visivyopandishwa jukwaani. Sioyaye ibaki mtoni. Nafasi yake katika onyesho inaweza kuwa kimya na giza, na anayejua atafahamu kilichoachwa, naye asiyejua atafahamu kwamba kipo asichopewa.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tatizo la kimaadili katika maonyesho yanayounganisha ngoma, muziki na mwanga halitokani na mchanganyiko wenyewe. Linatokana na kupotea kwa anayejibu. Sheria inaweza kumtaja, na fedha inaweza kumlipa, lakini ni namna ya kufanya kazi pekee inayoweza kumrejesha.

Hoja hii inatuhusu sisi wahakiki pia. Tumezoea kuuliza kama maudhui na fani vimeoana, na swali hilo lingali na thamani yake. Tungeongeza jingine: wakati kazi hii ikiundwa, ni nani angeweza kuisimamisha, na je, alijua kwamba anaweza? Nasi pia tumekaa upande wa giza, kalamu mkononi, tukitazama bila kutazamwa. Mvulana anapogonga chinyimba mbele yetu anatuita kama alivyomwita mjomba wake. Uhakiki unaostahili jina hilo hauna budi kuwa jibu, na anayejibu sharti akubali kuonekana.